Mgeni, Jembe na Samadi: Namna Wahamiaji Walivyogeuka Wenyeji Ikungi

Neno mgeni katika Kiswahili hubeba maana mbili kwa pamoja, kwa kuwa humtaja mtu anayekaribishwa kwa heshima na kuandaliwa chakula, na humtaja vilevile mtu asiyejulikana, ambaye asili na nia yake bado hazijapimwa. Neno mwenyeji, ambalo limetokana na mwenye mji, humtaja mtu aliye na mahali pake na sauti katika mambo ya mahali hapo. Safari kati ya maneno hayo mawili ndiyo inayochunguzwa katika insha hii kupitia Ikungi, wilaya ya Mkoa wa Singida, ambako kwa vizazi vingi familia za asili mbalimbali zimeingia, zikajenga, zikalima, na nyingi kati yao zikahesabiwa kuwa za nyumbani. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kukubaliwa kwa familia hizo hakukutegemea sana mgeni kuacha kabila lake, wala ukarimu wa wenyeji peke yake, bali kulitegemea kuingia kwake katika mtandao wa madeni, yaani deni la ng'ombe, la shamba, la mahari na la kuzikana, ambalo likishaanza ni vigumu kwa upande wowote kulifuta.

Wilaya ya Ikungi yenyewe ni changa, kwani iliundwa mwaka 2012 kwa kuigawa iliyokuwa Wilaya ya Singida Vijijini, lakini nchi yake ni kongwe. Makao yake yako kusini mwa mji wa Singida, kando ya barabara kuu itokayo Dodoma ikipitia Manyoni na Issuna, juu ya uwanda wa kati wa Tanzania ambako mvua hunyesha msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mara nyingi hukatika kabla ya mtama kukomaa. Wenyeji wanaohesabiwa kuwa wa asili ni Wanyaturu, ambao katika lugha yao hujiita Arimi, nao kwa desturi hugawanyika katika matawi matatu, yaani Wahi wa kusini, Wanyamunyinganyi wa mashariki na Wairwana wa kaskazini. Sehemu kubwa ya Ikungi ni nchi ya matawi mawili ya kwanza. Upande wa kaskazini wapo Wanyiramba, kusini na mashariki wapo Wagogo na Wasandawe, na magharibi, ng'ambo ya mapori na mbuga ya Wembere, ndiko kuliko na Wanyamwezi na Wasukuma.

Ujirani huo umeacha alama katika lugha kabla ya kuacha alama katika kumbukumbu zilizoandikwa. Wanaisimu wanalitazama eneo hili la Bonde la Ufa kuwa la pekee barani Afrika, kwa sababu lugha za Kibantu kama Kinyaturu, lugha za Kikushi kama Kiiraqw, lugha ya Kinilo ya Wadatoga, na lugha zenye sauti za vidoko kama Kisandawe na Kihadza zimeishi bega kwa bega kwa muda mrefu kiasi cha kuazimana maneno na hata mitindo ya sarufi. Kinyaturu, ambacho katika uainishaji wa Malcolm Guthrie kimewekwa katika ukanda mmoja na Kisukuma, Kinyamwezi na Kinyiramba, kina maneno yaliyoazimwa kutoka lugha za Kikushi. Neno haliazimwi kwa kupungiana mikono kutoka mbali. Huazimwa na mama anayezungumza na jirani yake kisimani, na mtoto anayechunga na mtoto wa wengine. Kwa hiyo hata huyo anayeitwa mwenyeji wa asili amebeba kinywani mwake ushahidi kwamba watu wa ukoo mwingine waliwahi kuketi barazani kwake, au yeye barazani kwao.

Simulizi za koo za Wanyaturu zinakubaliana na ushahidi huo, kwa kuwa koo nyingi husimulia kwamba mababu zao walitoka kwingineko, baadhi upande wa kaskazini, baadhi upande wa Ugogo, na wengine magharibi. Uenyeji, kwa mtazamo huo, ulikuwa suala la kutangulia: aliyefyeka pori kwanza ndiye aliyekuwa na haki ya kumwonyesha wa pili mahali pa kujenga, na wa pili akawa na haki hiyo hiyo juu ya wa tatu. Kabla ya ukoloni Wanyaturu hawakuwa na mfalme mmoja wa kumpokea mgeni au kumfukuza, jambo lililowapa wazee wa koo nguvu kubwa, na ambalo pia lilimpa mgeni aliyekataliwa na ukoo mmoja nafasi ya kubisha hodi kwa ukoo wa pili.

Methali ya Kiswahili husema kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na Mwalimu Julius Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipoeleza falsafa ya ujamaa, ili kuonyesha kwamba katika jamii za Kiafrika ukarimu ulikwenda pamoja na wajibu wa kufanya kazi. Methali hiyo ni nzuri, lakini katika nchi ya Ikungi haitoshi, kwa sababu udongo mwingi wa uwanda huu ni wa kichanga na mwepesi, nao ukilimwa mfululizo bila kurutubishwa huchoka upesi. Aliyepewa jembe peke yake alikuwa amepewa nusu ya kitu. Nusu ya pili ilikuwa samadi, yaani mavi ya ng'ombe yaliyooza zizini, na samadi ilikuwa mali ya mwenye ng'ombe.

Uhusiano huo wa shamba na zizi ulielezwa kwa kina na Harold Schneider, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti miongoni mwa Wahi mwaka 1959 na 1960, ambaye kitabu chake kilichotoka mwaka 1970 kilionyesha kwamba ng'ombe wa Wanyaturu hawakuwa pambo wala chombo cha matambiko tu, kama wasomi wengi wa wakati huo walivyopenda kuwaeleza wafugaji wa Afrika Mashariki. Ng'ombe walikuwa rasilimali iliyohesabiwa kwa makini: nafaka ya ziada iligeuzwa kuwa mifugo, mifugo ikazalisha samadi, samadi ikaongeza nafaka, na nafaka ikarudi tena kuwa mifugo au mahari ya kuoa mke, ambaye kazi yake shambani iliongeza mavuno zaidi. Familia isiyokuwa na ng'ombe ilikuwa nje ya mzunguko huo hata kama ilipewa ardhi ya kutosha, na familia nyingi zilizokimbia njaa au vita zilifika zikiwa hazina hata mbuzi.

Kazi yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndani yake ndimo mgeni alimopimwa. Wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa yamekwisha kuingizwa ghalani, samadi iliyoshikamana na kukauka kwa miezi mingi huchimbuliwa zizini, hubomolewa vipande kwa jembe na kupondwa, kisha husombwa kwa vikapu, na siku hizi kwa mkokoteni wa kukokotwa na maksai au punda, hadi kwenye mashamba yaliyo karibu na nyumba. Humwagwa katika marundo madogo madogo yaliyopangwa kwa mistari, kila rundo hatua chache kutoka jingine, na mpita njia anayelitazama shamba hilo mwezi wa Oktoba, kabla ya tone la kwanza la mvua, anaweza kujua bila kuuliza ni nani mwenye zizi kubwa, ni nani mwenye zizi dogo, na ni nani anayelima kwa kumtegemea Mungu peke yake. Samadi haitawanywi mapema, kwa sababu upepo wa kiangazi hupeperusha sehemu yake nzuri, bali hungojewa mawingu.

Kwa familia ngeni mlango wa kuingia katika mzunguko huo ulikuwa ng'ombe wa kutunziwa, desturi inayojulikana kwa majina tofauti kwa makabila mengi ya Tanzania ya kati, ambapo mwenye mifugo mingi huwagawa baadhi yao na kuwaweka kwa mtu mwingine, ambaye huwachunga, hunywa maziwa yao na hutumia samadi yao, huku ng'ombe wenyewe na wengi wa ndama wakibaki kuwa mali ya mwenyewe. Mwenye mali alifaidika, kwa kuwa ugonjwa au wizi ukiingia katika zizi moja haukumaliza mifugo yake yote, na kwa kuwa wivu wa majirani hupungua pale ambapo utajiri hauonekani wote mahali pamoja. Mgeni naye alipata maziwa ya watoto, mbolea ya shamba, na kitu kingine ambacho pengine kilikuwa na thamani kuliko vyote, yaani sababu ya mtu mzito wa kijiji kutaka aendelee kukaa. Mfukuze mgeni, na ng'ombe wako wanarudi katika zizi ambalo tayari halina malisho ya kutosha. Ukarimu wa namna hii una hesabu ndani yake, na huenda ndiyo maana ulidumu.

Baada ya ng'ombe kulifuata suala la ndoa. Ukoo wa Wanyaturu huhesabiwa kwa upande wa baba, na ndoa hukamilishwa kwa mahari ya mifugo, hivyo kijana wa familia ngeni aliyetaka kuoa binti wa wenyeji alihitaji watu wa kumchangia mahari, na watu hao, kwa kukosa ndugu wa damu karibu, mara nyingi walikuwa mlezi wake na marafiki aliowapata mahali hapo. Kwa kuchangiwa alikuwa amekopa, na kwa kukopa alikuwa amewajibika kuchangia siku ambayo mtoto wa mchangiaji naye angeoa. Kwa binti wa kigeni aliyeolewa na Mnyaturu njia ilikuwa fupi zaidi, kwa kuwa watoto wake walihesabiwa moja kwa moja kuwa wa ukoo wa baba yao, na kizazi cha pili hakikuwa na haja ya kueleza asili ya bibi yao isipokuwa pale walipotaka wenyewe. Ni lazima isemwe, hata hivyo, kwamba ufupi wa njia hiyo ulikuwa na gharama yake, kwani mwanamke aliyekuja akikimbia njaa na kuolewa bila ndugu wa kumsimamia hakuwa na nyumba ya kurudi mume akimtesa.

Mfano mgumu zaidi ni wa Wataturu, jina ambalo majirani zao Wabantu huwaita baadhi ya Wadatoga, wafugaji wenye lugha ya Kinilo ambao katika karne ya 19 walisukumwa na Wamaasai kutoka nyanda za Ngorongoro, wakatawanyika kuelekea Hanang, Singida na mbuga za Wembere. Wamaasai waliwaita Mang'ati, yaani maadui, na jina hilo limesambaa nchini kote hata linatumiwa na watu wasiojua kwamba ni tusi. Kati yao na Wanyaturu kulikuwa na uporaji wa ng'ombe na mauaji ya kulipiziana kisasi, na si haki kuyafunika mambo hayo kwa maneno matamu ya ujirani mwema. Hata hivyo wafugaji walihitaji nafaka na wakulima walihitaji mifugo, na mahitaji hayo yaliwakutanisha sokoni na, polepole, katika ndoa. Walichokataa Wataturu wengi ni kuingizwa katika kilimo cha samadi, kwa sababu maisha yao yalikuwa ya kufuata malisho, na mtu asiyekaa mahali pamoja hadi samadi ioze hawezi kudaiwa wala kudai kwa namna ya wakulima. Kwa hiyo walibaki majirani kwa muda mrefu sana bila kuhesabiwa kuwa wenyeji, na mfano wao unaonyesha kwamba muda peke yake haumgeuzi mgeni.

Mwanzoni mwa karne ya 20 vita vya wakubwa vilileta wimbi jingine. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi kutoka Tanganyika ya kati wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha mvua ikakosekana, na kati ya mwaka 1917 na 1920 Ugogo ulikumbwa na njaa inayokumbukwa kwa jina la Mtunya, ambayo iliua maelfu kwa maelfu ya watu. Walioweza kutembea walitafuta chakula katika nchi jirani, na kulikuwa na familia zilizomweka mtoto rehani kwa mwenye nafaka, kwa matumaini ya kumkomboa mvua zikirudi. Wengine walikombolewa, wengine walikulia kwa waliowapokea, wakaoa na kuolewa huko, na wajukuu wao hawakuwa tena na sababu ya kuitwa kwa jina la nchi waliyotoka. Hapo neno deni, ambalo katika insha hii limetumiwa hadi sasa kwa maana laini, lilikuwa na maana yake kali kabisa, kwa kuwa kilichowekwa dhamana kilikuwa mtu.

Utawala wa kikoloni ulileta kipimo kingine cha ukaazi, nacho kilikuwa kodi. Nchi ya Wanyaturu ilitawaliwa na Wajerumani kwanza kutoka kituo cha Kilimatinde, na kodi ya kibanda iliyoanzishwa katika koloni lote mwishoni mwa karne ya 19 ilimfanya mtu ahesabiwe kuwa wa mahali ambapo jina lake limeandikwa katika daftari la jumbe. Waingereza, kwa sheria ya mwaka 1926 iliyoweka utawala kupitia machifu, waliimarisha mipaka ambayo zamani ilikuwa laini, na kila mtu akatakiwa awe na kabila moja na chifu mmoja. Kwa mgeni jambo hilo lilikuwa na faida moja, kwa kuwa risiti ya kodi ilikuwa uthibitisho wa ukaazi usiohitaji ndoa wala ng'ombe, lakini risiti haikuweza kumpatia samadi, na mtu mwenye risiti bila zizi aliendelea kuvuna kidogo.

Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 ikipita kusini mwa eneo hili, ilifungua njia kwa wageni wa namna nyingine kabisa, yaani wafanyabiashara wa Kihindi na wa Kiarabu, hasa Waarabu wa Oman na wale wa Hadhramaut waitwao Washihiri, waliofungua maduka hata katika vituo vidogo vya bara. Hawa hawakuhitaji shamba, lakini nao walijikuta katika mtandao ule ule, kwa sababu mkulima hupata fedha mara moja kwa mwaka na huhitaji chumvi, mafuta ya taa na kitambaa mwaka mzima. Biashara ilikwenda kwa mali kauli, yaani bidhaa inayotolewa kwa ahadi ya maneno tu. Serikali ya Waingereza, kwa sheria iliyozuia mikopo kwa Waafrika tangu miaka ya 1920, ilifanya madeni mengi ya namna hiyo yasiweze kudaiwa mahakamani, na matokeo yake ni kwamba mwenye duka alilazimika kumjua mteja wake, baba yake na shamba lake, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kulipwa isipokuwa aibu na ujirani. Baadhi ya Waarabu walioa wanawake wa Kinyaturu na watoto wao wakakua wakizungumza Kinyaturu. Familia za Kihindi kwa kawaida hazikuoa nje, na ziliposhikwa na Operesheni Maduka ya mwaka 1976, ambapo maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili kupisha maduka ya ushirika, zilikuwa na mizizi michache ya kuzizuia kuhamia mjini.

Isisahaulike kwamba Wanyaturu wenyewe walikuwa wageni kwingine katika kipindi hicho hicho. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalichukua vijana wengi wa Jimbo la Kati kwa mikataba, nao waliitwa manamba, neno lililotokana na namba aliyopewa kila kibarua alipoandikishwa. Manamba aliishi kambini, alilipwa kwa kadi yenye visanduku vya siku za kazi, na alijifunza Kiswahili kwa haraka kuliko mahali popote pengine, kwa kuwa mwenzake wa kitanda cha pili alikuwa Mha au Mbena. Aliyerudi Ikungi alirudi na lugha hiyo na kumbukumbu ya kuwa mgeni asiye na shamba wala zizi. Manamba pia waliudumisha utani, yaani uhusiano wa kutaniana bila kukasirikiana na kusaidiana wakati wa msiba, ambao Wanyamwezi wa misafara ya karne ya 19 walikuwa wameufunga na makabila mengi ya njia ya kwenda pwani. Mtu aliyefia ugenini bila ndugu alizikwa na watani wake, na mtani aliyechimba kaburi alikuwa na haki ya kudai zawadi na kufanya vituko vya kuchekesha matangani. Madai hayo yanaweza kuonekana kuwa utovu wa adabu kwa asiyeyajua, lakini yalikuwa kiapo: aliyemzika ndugu yako umekuwa na deni kwake, na deni la kaburi halilipwi kwa fedha.

Baada ya uhuru mizani ilibadilika ghafla. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na kuanzia mwaka 1973 hadi 1976 Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni ya Watanzania kutoka makazi yaliyotawanyika na kuwaweka katika vijiji vilivyopangwa kwa mistari kando ya barabara, vikiwa na shule, zahanati na ofisi. Kwa wageni wa Ikungi operesheni hiyo ilikuwa na matokeo ambayo wapangaji wake huenda hawakuyafikiria, kwani ilimfanya kila mtu kuwa mgeni kwa siku moja. Mnyaturu aliyeng'olewa kutoka nyumba yake ya tembe, yaani nyumba ya nguzo na fito iliyokandikwa udongo na kuezekwa kwa paa bapa la udongo, alijikuta amepewa kiwanja cha ukubwa ule ule aliopewa jirani yake aliyekuja miaka miwili kabla. Hasara yake ilikuwa kubwa kuliko ya jirani huyo, kwa sababu mashamba yaliyolishwa samadi kwa vizazi vitatu yalibaki mbali, na samadi ni kitu kizito ambacho hakisafiri vizuri. Katika maandishi ya wakati huo mengi yalisemwa juu ya huduma za jamii, na machache mno juu ya rutuba iliyoachwa nyuma.

Chombo kipya cha kumpokea mgeni kikawa mjumbe wa nyumba kumi, aliyeitwa kwa kawaida balozi, cheo kilichoanzishwa na TANU katika miaka ya 1960. Jina la balozi lina utamu wake, kwa kuwa lilimgeuza mkulima wa kawaida kuwa mwakilishi wa taifa zima mbele ya nyumba kumi za majirani zake. Mgeni alitakiwa kuripoti kwake, kuonyesha barua ya utambulisho kutoka alikotoka, na kuandikwa. Shule nayo ilifanya kazi ambayo ukoo haukuweza kuifanya. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilisukuma mbele elimu ya msingi kwa watoto wote, iliyofundishwa kwa Kiswahili, na mtoto wa Mgogo, wa Mtaturu na wa Mnyaturu wakakaa dawati moja na kuchapwa kwa kosa moja, katika lugha ambayo haikuwa ya bibi wa yeyote kati yao.

Wimbi kubwa la mwisho lilitoka magharibi. Usukuma ulikuwa umejaa watu na ng'ombe tangu enzi za Waingereza, kiasi kwamba katika miaka ya 1950 serikali ilihimiza watu wahamie Geita, na katika miongo iliyofuata familia za Kisukuma zilisambaa na mifugo yao hadi Tabora, Rukwa, Usangu na mbali zaidi. Jina lenyewe Sukuma maana yake ni kaskazini kwa Kinyamwezi, hivyo leo kuna watu wa kaskazini katika kila upande wa nchi. Waliovuka Wembere waliingia katika kata za magharibi mwa Ikungi kama Mgungira, Iyumbu na Mwaru, maeneo ambayo Wanyaturu walikuwa wameyaacha kuwa mapori kwa sababu ya mbung'o, wadudu wanaoua ng'ombe, na kwa sababu udongo wake mzito wa mbuga haukulimika kwa jembe la mkono.

Wasukuma hawakuja wakiwa hohehahe. Walikuja na maksai, plau na ujuzi wa kulima majaruba ya mpunga, na kwa hiyo njia ya zamani ya kumwingiza mgeni kwa kumpa ng'ombe wa kutunza haikuwahusu. Deni liligeuka upande. Mwenyeji mwenye shamba lisilo na plau alimwendea mgeni kuomba maksai wa kulimia, na akalipa kwa kazi, kwa sehemu ya mavuno au kwa kumwonyesha mahali pengine pa kulima. Walileta pia michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani, chakula kinachoweza kukaa ghalani miezi mingi, na walileta nzengo, jina la Kisukuma la kundi la ujirani linalolimiana, linalozikana na linalomtoza faini mwanachama asiyefika msibani. Katika nzengo hakuna anayeulizwa kabila lake, huulizwa tu kama alikuja na jembe au na kuni.

Pamoja nao yalikuja sungusungu, majeshi ya jadi ya ulinzi yaliyozuka Kahama na maeneo jirani mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kupambana na wezi wa ng'ombe, na kuitwa kwa jina la mdudu chungu mweusi anayeuma kwa makundi. Katika vijiji vya mchanganyiko taasisi hiyo ilikuwa na sura mbili. Kwa upande mmoja iliwaweka vijana wa makabila tofauti katika doria moja usiku, na watu waliofukuza mwizi pamoja gizani hupata kuaminiana. Kwa upande wa pili ilimpa mgeni mwenye ng'ombe wengi mkono wa kuadhibu ambao mwenyeji mwenye ng'ombe wachache aliuogopa. Malalamiko juu ya malisho, mashamba kuliwa na mifugo, na misitu kufyekwa hayajakoma, na serikali za vijiji hutumia sehemu kubwa ya vikao vyake kuyasuluhisha. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoidhinisha ugawaji, hivyo mhamiaji wa leo hupaswa kukubaliwa na mkutano mzima badala ya mzee mmoja wa ukoo. Ni utaratibu wa haki zaidi kwenye karatasi. Katika utekelezaji, anayejulikana kwa wengi hupita kwa urahisi, na mtu hujulikana kwa wengi kwa njia zile zile za zamani.

Kulinganisha na Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 husaidia kuona jambo hilo vizuri zaidi. Hao waliwekwa katika makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, na ya Katumba na Mishamo katika eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Katavi, wakagawiwa ardhi, na mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 kati yao na watoto wao wakathibitishiwa uraia wa Tanzania. Mpango wa awali uliwataka wahame makazi hayo na kutawanywa katika mikoa mingine, kwa imani kwamba wakitawanyika ndipo watakapochanganyika na wenzao. Walisita, na hatimaye waliruhusiwa kubaki. Wapangaji walikuwa wameuona uraia kuwa mwanzo wa uenyeji, ilhali wakazi wa Ulyankulu walikuwa wamekwisha kupanda miti, kuzika wazazi na kukopeshana mbegu kwa miaka zaidi ya 40, na kuwahamisha kungekuwa kuwarudisha kwenye siku ya kwanza.

Idadi ya Wasukuma, Wagogo au Wataturu walioko Ikungi leo haiwezi kusomwa katika sensa, kwa kuwa sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho nchini kuuliza watu kabila lao. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2 katika Mkoa wa Singida, na wote walihesabiwa kwa mahali walipolala usiku wa sensa. Macho nayo yamepoteza msaada uliokuwapo. Zamani mpita njia aliweza kuitambua kaya ya Mnyaturu kwa tembe yake na ya Msukuma kwa msonge wake, yaani nyumba ya mviringo yenye paa la nyasi lililochongoka. Sasa tofali za kuchoma na bati vimezifanya nyumba hizo kuwa za sura moja, na alizeti inayolimwa kila upande wa barabara haina kabila.

Wageni wapya kabisa wako Mang'onyi, mashariki mwa wilaya, ambako wachimbaji wadogo wa dhahabu wamekuwa wakifika kutoka mikoa mingi, na ambako mgodi mkubwa wa kampuni ya Shanta ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2023. Mchimbaji hapangi kukaa hadi samadi ioze. Hupanga chumba, hununua chakula kwa fedha taslimu, hugawana mawe ya duara, yaani shimo la uchimbaji, kwa viwango vilivyokubaliwa na wenye duara wenzake, na shimo likikauka huhamia kwenye uvumi mwingine wa dhahabu. Wapo waliooa hapo na kununua ng'ombe. Anapofariki mmoja wa wale wengine, wenzake huchanga, hutafuta gari, na jeneza hupandishwa usiku kuelekea alikozaliwa.